Mbwa anayerukia chukudu: kumtuliza bila fimbo

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mbwa wengi hukulia nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano, na barabara hawaijui mpaka siku wanapotolewa nje. Siku hiyo yote yanawakuta kwa mara moja: pikipiki, watoto wa shule, na chukudu (kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea mizigo) yenye magunia ya makala, yaani makaa, ikishuka mteremko, mbao zikigonga juu ya mawe. Mbwa anaruka, anabweka, anataka kuuma gurudumu. Mwenye mbwa ananiambia, "Huyu ni mkali." Mara nyingi namkuta ni mwoga. Amebweka, chukudu imepita kwenda zake, naye anaamini ameifukuza yeye. Kesho atabweka zaidi.

Nimefuata njia hii na mbwa wa mitaa ya Himbi, Katindo na Ndosho. Wengine walitulia baada ya wiki 3, wengine walihitaji miezi. Inataka dakika 10 kwa siku, na uvumilivu wa kweli.

Hatua ya 1: Acha fimbo na mnyororo wa kukaba

Nilipoanza kazi hii nilifundishwa kumpiga mbwa akinguruma. Mmoja niliyempiga aliacha kweli kunguruma. Miezi michache baadaye alimuuma mtoto wa jirani bila kutoa sauti yoyote. Nilikuwa nimemnyang'anya onyo lake, na woga nimeuacha palepale ulipokuwa. Tangu hapo mbwa akinguruma nachukulia kwamba amenieleza jambo, namwondoa karibu na kinachomtisha.

Mnyororo wa shingoni una ubaya uleule. Kila chukudu ikitokea shingo inauma, basi mbwa anajifunza kwamba chukudu huja na maumivu. Tumia mkanda mpana wa kifuani. Ukikosa wa dukani, fundi viatu anaweza kukushonea kwa kitambaa kigumu. Mwambie usimchubue kwapani. Kamba iwe ya mita 2 au 3, na uishike ikiwa imelegea.

Hatua ya 2: Andaa sambaza

Mkate mkavu hautoshi. Mbwa mwenye hofu anahitaji kitu anachokipenda kupita vyote, na sisi tuna bahati ya ziwa Kivu. Chemsha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, bila chumvi, bila pilipili, na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kisha ukate vipande vidogo kama punje ya mahindi. Sambaza hizi zisitoke wakati mwingine wowote, ziwe za zoezi hili tu.

Hatua ya 3: Tafuta umbali wake

Watu wengi wanaharibu hapa, kwa sababu wanaanzia karibu mno. Chagua avenyu yenye nafasi, asubuhi mapema, usiende kwenye mzunguko wenye msongamano. Simama mbali na barabara, umtazame mwili. Mbwa anayelamba pua bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, aliyekunja mkia tumboni, anayeonyesha weupe wa jicho au aliyekauka ghafla bila kupumua vizuri, huyo amekwisha kuogopa hata kama hajabweka. Rudi nyuma. Akikataa sambaza aliyoipenda nyumbani, rudi tena. Kwa mbwa mmoja umbali ni mita 15, kwa mwingine ni 60. Kama barabara yenu ni nyembamba, anzieni ndani ya parsele (kiwanja cha nyumba yenu), geti likiwa limefungwa, asikie sauti tu.

Hatua ya 4: Chukudu kwanza, samaki baadaye

Mpangilio huu ndio kazi yenyewe. Chukudu inaonekana, mbwa anaiona, ndipo unampa sambaza, kipande baada ya kipande mpaka ipite. Ikishapita, mkono unarudi mfukoni. Usimtolee chakula kabla hajaiona, maana atajifunza kwamba samaki akitoka kuna jambo baya linakuja. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba mbwa hutokwa mate kwa ishara inayotangulia chakula. Sisi tunaifanya chukudu iwe ishara hiyo.

Kuna wanaohofia kwamba wanaulipa ubaya. Mbwa hachagui kuogopa, na chakula hakimfundishi kuogopa zaidi. Siku moja chukudu itatokea, naye badala ya kuruka atageuza kichwa akutazame usoni. Hiyo ndiyo ishara unayoingojea.

Hatua ya 5: Sogea kidogo

Akikugeukia hivyo mara nyingi, sogea mita 1 au 2. Akibweka, usimvute wala usimkemee. Geuka naye, ondokeni, na kesho anzieni mbali zaidi.

Milio ya risasi haiingii katika zoezi hili. Baada ya mapigano ya mwisho wa Januari 2025 nimeona mbwa wengi wanaotetemeka hata mlango ukibamizwa. Siku ya namna hiyo mwache ajifiche chini ya kitanda au chumba cha ndani, ukae karibu naye, umguse akitaka mwenyewe.

Na kama mbwa ameshamuuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mpeleke mtu huyo hospitalini siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa naye achanjwe kila mwaka.

Hatua ya 6: Mshirikishe mlinzi

Mlinzi hukaa na mbwa saa nyingi kuliko wewe. Ukifanya zoezi asubuhi na yeye akamtisha kwa fimbo usiku, utarudi mwanzo kila siku. Mimi huketi naye, namwambia, "Papa, huyu anaogopa. Chukudu ikipita, mtupie hizi." Kisha namwachia kikopo cha sambaza pale getini.