Kabla hujashusha jembe bondeni, uliza daraja lake la ulinzi

Mvua zikikaribia, wakulima wengi wa Butaleja, Tororo na Busia, mashariki mwa Uganda, hutupa macho bondeni. Shamba la juu limechoka, kule chini kuna unyevu, na mpunga una soko. Simlaumu mtu. Lakini ndugu mkulima, kabla hujatoa shilingi ya kukodi kipande, ulizia kwanza: ardhi oevu hiyo, yaani kinamasi hicho, imewekwa daraja gani la ulinzi?

Kanuni za Uganda za ardhi oevu za mwaka 2000 zinataja madaraja matatu. Zipo zinazolindwa kikamilifu: humo ni utafiti, utalii na kurudisha uoto tu. Zipo zinazolindwa kwa sehemu, ambako shughuli fulani hukubaliwa kwa kibali. Na zipo zilizoachiwa jamii izihifadhi, wenyeji wakiendelea na matumizi yao ya jadi. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kamati ya mazingira, wakufikishe kwa afisa wa ardhi oevu wa wilaya.

Usijifariji kwa hati ya ardhi. Katiba ya 1995, ibara ya 237, imeweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kuu au ya mitaa kama amana ya wananchi wote, na mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua hati zilizotolewa humo baada ya 1995 zifutwe. Anayekuuzia ploti kwenye mafunjo anakuuzia kesi.

Panapowaponza wengi ni hapa: kanuni zinaruhusu kulima bila kibali iwapo eneo lililolimwa halizidi asilimia 25 ya ardhi oevu yote. Yote, si kipande chako. Wewe, jirani yako na yule wa ng'ambo ya mto mnahesabiwa pamoja. Kinamasi cha ekari 40 kina nafasi ya ekari 10. Wakishaingia watu kumi, kila mmoja na ekari yake, wa kumi na moja hana nafasi hata akitaka nusu ekari. Ndiyo maana nasisitiza kijiji kikae, kipime, kiandike nani analima wapi, na nakala ibaki kwa LC1. Bila daftari hilo kila mtu atajiona yumo ndani ya robo, na kinamasi kitaisha huku hakuna aliyevunja sheria machoni pake.

Kuteka maji ya nyumbani, kukata mafunjo ya mkeka wako na kuvua kwa migono hakuhitaji kibali. Kufyatua matofali, kuchimba mitaro ya kukausha, kuchoma moto, kufuga samaki na kuvuna mafunjo ya biashara kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Wengine hubisha: "Hapa si kinamasi, Januari pakavu kabisa." Sheria inahesabu hata panapofurika kwa msimu tu. Chimba shimo la kufika goti, utoe bonge la udongo, ulivunje mkononi. Ukiona rangi ya kijivu yenye madoa mekundu kama kutu, ujue maji hutuama hapo kwa muda mrefu kila mwaka, jua liwake lisiwake.

Ukiruhusiwa kulima, kaa pembeni. Katikati, maji yanakopita, acha mafunjo yasimame. Ukingo wa mto wa kawaida una mita 30 zisizoguswa; mito mikubwa iliyotajwa kwenye kanuni, mita 100. Mtaro wa kukausha usichimbe kabisa: udongo mweusi wa mboji ukikauka hunywea, shamba hushuka, na visima vya jirani hupungua maji. Mafunjo nayo yakate kwa zamu, upande mmoja upumzike hadi ukomae, bila kung'oa mashina, maana huko ndiko yanakochipulia.

Mwaka 1994 ardhi oevu ilikuwa asilimia 15.6 ya Uganda. Kufikia 2019 ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 9. Inaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya upotevu huo ni mashamba ambayo yangeweza kukaa kwingine. Mpunga wa aina ya NERICA unakubali shamba la juu na huvunwa baada ya takribani miezi minne. Uupande mvua zikishatulia, kwa mistari, na palizi ya kwanza usiicheleweshe: pasipo maji ya kuyazamisha, magugu huuzidi nguvu mpunga ukingali mchanga. Muulize afisa kilimo wa kaunti ndogo mbegu iliyothibitishwa inapatikana wapi.