Kengele ililia, mlango ukakataa: kupanga msaada wa dharura wa saa 24 nyumbani

Usiku mmoja saa nane, kijana ninayemhudumia, aliyepooza kuanzia kifuani, aliteleza akihama kutoka kwenye kitimwendo kwenda kitandani. Akabonyeza kengele. Kengele ikalia, simu yangu ikaita, na baada ya dakika kumi na mbili nilikuwa mlangoni na ufunguo mkononi. Niliingia ndani saa kumi na moja kasorobo. Muda wote huo yeye yuko sakafuni, mimi niko nje, tunaongea kupitia dirishani. Nitaeleza kilichotokea nikifika hatua ya nne, maana ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Hatua ya 1: Kaeni na mwenyewe muandike dharura zake

Zake, si za walemavu wote. Kwa mmoja ni kuanguka na mpira wa mkojo kuziba. Kwa mwingine ni kifafa, au umeme kukatika akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Msiandike bila yeye kuwepo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 19, unataka mtu apate msaada utakaomwezesha kuishi katika jamii kwa uchaguzi wake. Nyumba ni yake, hivyo ndiye anayeamua nani aingie usiku wa manane.

Hatua ya 2: Kitufe cha kuita

Kama msaidizi analala nyumba hiyohiyo, mimi napendelea kengele ya mlangoni isiyo na waya kuliko programu yoyote ya simu. Kitufe anakivaa shingoni au kinafungwa kwenye fremu ya kitanda, kipokezi kinakaa kwa msaidizi. Programu zinataka simu iwe na chaji, iwe na bando, na vidole vifungue skrini. Mtu aliye sakafuni vidole vyake vinaweza visifanye kazi hiyo. Chagua kipokezi cha betri. Cha kuchomeka ukutani kinakufa umeme ukikatika.

Kama bafuni kuna kamba ya kuvuta ili kuita msaada, ifike karibu kabisa na sakafu. Nimeona kamba nyingi zilizofungwa fundo juu ili zisiloane wakati wa kudeki. Aliyeanguka haifikii.

Kama msaidizi haishi hapo, basi ni simu. Namba za dharura ziwe kwenye vitufe vya kupiga haraka, na mpe kitochi kama akiba hata kama ana simu janja. Betri yake inakaa siku kadhaa.

Hatua ya 3: Mlolongo wa wapokeaji

Watu watatu, kwa mpangilio unaojulikana. Wa kwanza asipopokea mara mbili, anapigiwa wa pili. Mmoja wao awe jirani anayefika kwa miguu, hata kama hajui chochote kuhusu kumhamisha mtu. Kazi yake ni kufika tu.

Wengi wanalala simu ikiwa kimya. Simu janja nyingi zina mpangilio wa kuruhusu namba fulani ziite hata simu ikinyamazishwa. Weka yake kwenye orodha hiyo, kisha mwambie akupigie usiku ukiwa umelala, msije mkaishia kuamini mpangilio tu.

Kama kuongea ni shida kwake, kubalianeni kuhusu bipu. Kwetu sisi bipu mbili mfululizo maana yake ni njoo, si nipigie. Ukianza kumpigia unaziba laini yake, na wewe mwenyewe unapoteza dakika ukisikiliza ukimya.

Hatua ya 4: Mlango

Usiku ule ufunguo wangu uligoma kwa sababu mbili kwa pamoja. Ufunguo wake alikuwa ameuacha ndani ya kitasa, na vitasa vingi havikubali ufunguo wa nje kama kuna mwingine umechomekwa ndani. Na juu ya hapo kulikuwa na komeo. Sikutaka kuvunja, kwa sababu alinisihi nisivunje. Fundi wa kwanza hakupokea simu, wa pili alifika akiwa hana kifaa. Mwishowe tulitoa kioo cha dirisha la jikoni na nikapita hapo.

Usikimbilie kumwambia aondoe komeo. Yeye aliliweka kwa sababu anaishi peke yake na hawezi kumkimbia mwizi. Hofu hiyo ina mantiki, na ukiipuuza atalirudisha ukishaondoka, bila kukuambia. Tulichofanya ni kubadilisha kitasa: kuna aina inayofunguka kwa ufunguo wa nje hata wa ndani ukiwa umechomekwa. Muulize fundi hivyo kwa maneno hayohayo, kisha ujaribu mwenyewe mbele yake kabla hajafunga vifaa vyake. Komeo likabadilishwa likawa kufuli la pili lenye ufunguo wa nje.

Halafu, ufunguo wa akiba ukae wapi? Si chini ya kapeti la mlangoni. Kisanduku cha namba cha kufungia ufunguo ni kizuri, kikifungwa ukutani kwa skrubu, na namba ibadilishwe kila msaidizi anapoacha kazi. Nimesema kila, hata aliyeondoka kwa amani.

Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, aliyeanguka anauzuia kwa mwili wake, na kila unaposukuma unamsukuma yeye. Kama kuna mbwa, amzoee mpokeaji wa pili na wa tatu pia, si wewe tu.

Na mjaribu usiku, mwenyewe akiwa kitandani kweli. Sisi tulikuwa tumejaribu mchana, yeye akiwa sebuleni, na bila kufikiri alikuja akanifungulia.

Hatua ya 5: Karatasi ya ukutani

Ukurasa mmoja, herufi kubwa, karibu na kitanda. Jina, dawa, mzio, namba za simu. Mwenye kifafa: kikizidi dakika tano, ita gari la wagonjwa.

Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu anahitaji mistari ya ziada. Anaweza kupandwa na presha ghafla kwa jambo dogo: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliopinda, choo kigumu, nguo inayobana. Kichwa kinamgonga, uso unakuwa mwekundu, anatoka jasho. Mkalishe wima, usimlaze. Legeza nguo, nyoosha mpira wa mkojo. Presha isiposhuka, ita gari la wagonjwa mara moja. Andika pia presha yake ya kila siku, kwa sababu wengi wao namba ya juu ni 90 hadi 110. Mhudumu mgeni akipima 140 anaweza kuona si ya kutisha, kumbe kwa huyu ni hatari.

Kwa kuanguka: usimvute kwa makwapa. Mguu usio na hisia unaweza kuwa umevunjika na asilalamike hata kidogo, kwa hiyo angalia uvimbe na namna mguu ulivyolala kabla ya kumgusa. Akiwa amelala chini zaidi ya saa moja, apelekwe akaangaliwe hata akisema yuko sawa; misuli na ngozi vilivyogandamizwa huweza kuharibika kimyakimya.

Hatua ya 6: Umeme

Mashine ya kupumulia au ya oksijeni iwe na chanzo cha akiba, na mjue kinadumu saa ngapi kwa kukipima, si kwa kusoma boksi.

Hatua ya 7: Jaribio la kila mwezi

Siku isiyotangazwa kwa wapokeaji, lakini yeye anajua. Andika saa ya kubonyeza na saa ya mtu kufika kando ya kitanda. Kufika mlangoni hakuhesabiki. Mara ya mwisho tulitumia dakika kumi na sita, na nne kati ya hizo nilikuwa natafuta miwani gizani ili nione namba za kisanduku. Siku hizi miwani inalala kwenye msumari ulio juu ya viatu vyangu, pamoja na tochi.