Kutibu Bakteria wa Vidonda vya Tumbo Ili Visirudi

Mgonjwa wa vidonda vya tumbo anayemeza omeprazo huanza kupata nafuu ndani ya siku chache, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza asidi na kukipa kidonda nafasi ya kupona. Lakini ikiwa chanzo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, naye hajaguswa, kidonda hufunga kisha hufunguka tena, mara nyingi kabla ya mwaka kwisha. Bakteria huyu hujificha kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo na kutengeneza amonia inayozima makali ya asidi inayomzunguka. Barry Marshall na Robin Warren walimtambua nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo lawama ziliangukia mawazo na pilipili, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo.

Anza na kipimo, usianze na dawa. Kipimo cha pumzi na kile cha kinyesi huonyesha kama bakteria yupo sasa, ilhali kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya bakteria kuisha, hivyo hakifai kuonyesha kama umepona. Omeprazo na dawa za jamii yake huweza kuficha maambukizi, kwa hiyo huachwa wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Usiziache bila kumshauri daktari, hasa ikiwa kidonda kimewahi kuvuja damu.

Tiba yenyewe ni mchanganyiko, kwa kuwa antibiotiki moja peke yake haimmalizi. Kwa kawaida huwa ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, na mara nyingi huongezwa dawa iitwayo bismathi, kwa siku 14. Mwambie daktari mapema kama una mzio wa penisilini, kama una ujauzito, na antibiotiki ulizowahi kutumia miaka ya karibuni, kwani usugu wa bakteria huyu dhidi ya antibiotiki za klaritromaisini na metronidazo ni wa kawaida.

Hapa ndipo wengi hukwama: vidonge ni vingi, mdomo huwa na ladha ya chuma, kichefuchefu huja, na maumivu yakiisha siku ya tano mgonjwa huona dozi imetosha. Haijatosha. Panga saa za dawa kulingana na milo yako, na uziandike. Ukipewa antibiotiki ya tetrasaiklini, imezwe kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, mbali na maziwa na vidonge vya madini ya chuma; ukitumia metronidazo, epuka pombe. Bismathi hugeuza ulimi na choo kuwa vyeusi, jambo lisilo na madhara, ila choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, kutapika damu au maumivu makali ya ghafla ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Jihadhari pia na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu ambazo zinaweza kusababisha vidonda hata pasipo bakteria yeyote. Muulize daktari dawa mbadala ya maumivu, lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, rudia kipimo cha pumzi au cha kinyesi, hata kama hujisikii chochote, maana kutoweka kwa maumivu si uthibitisho. Majibu yakionyesha kwamba bakteria bado yupo, usirudie dawa zile zile: mpelekee daktari karatasi yenye majina ya dawa ulizomeza na siku ulizoruka, ili achague mchanganyiko mwingine usio na klaritromaisini ikiwa uliitumia mara ya kwanza.