Peni Mezani Kwanza: Kumzoesha Mwanafunzi Kusikiliza Somo

Walimu wenzangu wa kidato cha kwanza, mnaijua Januari. Wengi wa watoto tunaowapokea hapa Moshi wamesoma msingi kwa Kiswahili, halafu jiografia, baiolojia na historia zinawajia zote kwa Kiingereza. Mtoto anainama, anaandika kila neno analolidaka. Ukimuuliza mwalimu amesema nini, anafungua daftari akutafutie.

Ndiyo maana zoezi langu linaanza peni zikiwa mezani. Andaa aya ya sentensi tano au sita juu ya jambo wanaloliona kila siku. Mimi hupenda mvua ya Kilimanjaro: pepo zenye unyevu zinatoka Bahari ya Hindi, mlima unazipandisha, hewa inapoa, mvua inanyesha huku kwetu kusini, zikifika kaskazini zimebaki kavu. Maneno matatu manne magumu yaandike ubaoni mapema, uyaeleze hata kwa Kiswahili. Wapo watakaokunja uso. Waache.

Soma kwa mwendo wako wa kawaida, usiwaburutie maneno, kwani mwalimu wa fizikia hatawaburutia. Mara ya kwanza wasikilize tu. Mara ya pili wanukuu maneno machache, si sentensi. Kisha wakae wanne wanne, waijenge aya upya kwa Kiingereza chao, ndipo uwape ya kwako walinganishe. Zoezi hili huitwa diktoglosi. Ruth Wajnryb wa Australia alilieleza kwa kina mwaka 1990.

Kwenye kulinganisha usiwe na haraka. Bahari ya Hindi wataipata, Kilimanjaro wataupata. Watakachokosa ni vile vijineno vya kuunganisha: "because", "although", "therefore". Bila hivyo wana majina ya vitu tu, hawajui kipi kimesababisha kipi. Isome tena sentensi yenye kijineno hicho, peke yake, uwaulize: mvua imeletwa na nini? Kundi likichora mshale kutoka baharini hadi mlimani, mimi hulipatia alama zote, hata kama sarufi imepinda.

Kwa vipindi vya kawaida, wapige mstari wa wima daftarini: kulia nukuu, kushoto maswali watakayojitungia jioni ileile, chini sentensi mbili za muhtasari. Ni mpango wa Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na hauhitaji zaidi ya rula.

Aprili, mvua ikianza kupiga bati, ahirisha zoezi la kusikiliza. Wape kazi ya kuandika.

Na akiwepo anayekosa hata unaposema Kiswahili, usimwite mzembe upesi. Mhamishie dawati la mbele umwangalie wiki kadhaa. Asipobadilika, zungumza na mzazi ampeleke akapimwe masikio. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya masikio, pua na koo.