Kabla Hujanunua Jiko la Kauri la Kuchomea Nyama: Hatua kwa Hatua

Watu waliojenga mitaa ya Milimani na Kiamunyi, wakabaki na kipande cha ua nyuma ya nyumba, wananiuliza sana siku hizi: "Fundi, ninunue lile jiko la umbo la yai?" Wanamaanisha kamado, lile jiko zito la kauri la makaa lenye mfuniko, kama Big Green Egg au Kamado Joe. Kazi yangu ni kuchoma nyama kwenye sherehe hapa Nakuru na mara nyingine Kisumu. Nimechomea kwenye pipa, kwenye wavu uliotegwa juu ya mawe, na kwenye majiko hayo ya wateja. Simwambii mtu nunua au usinunue. Namwambia apitie hatua zifuatazo, na asitoe pesa kabla ya kumaliza ya sita.

Hatua ya 1: Andika unachochoma kweli

Si unachotamani kuchoma baada ya kutazama video usiku. Kumbuka wikendi zilizopita, Krismasi, siku wageni walipokuja kutoka nyumbani. Orodha za wengi zinafanana: mbavu za mbuzi, mguu, vipande vya kuku, mutura, soseji za watoto, mahindi. Vyote hivyo huchomwa bila mfuniko. Mbuzi wa choma anataka makaa yaliyotulia, wavu ulioinuka kiasi, maji ya chumvi ya kunyunyizia, na mtu asiyechoka kugeuza. Pipa lililopasuliwa katikati linatosha kabisa, na hilo namwambia hata mteja mwenye uwezo wa kununua kamado mbili.

Kamado inaonyesha thamani yake kwenye vitu vingine: kidari cha ng'ombe au bega la nguruwe linalokaa ndani tangu alfajiri hadi nyama ichambuke kwa uma, mguu wa mbuzi mzima unaoiva polepole, kuku mzima, mkate, piza. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivi kwenye orodha yako, na humjui mtu nyumbani anayevitaka, unaweza kuacha kusoma hapa ukaenda kwa fundi wa jua kali.

Hatua ya 2: Elewa unalipia nini

Unalipia namna ya kuushika moto. Kuta nene za kauri zinatunza joto. Chini kuna mlango mdogo wa kuingiza hewa, juu kuna tundu la kutolea. Moto unakula hewa unayoupa tu, kwa hiyo ukibana matundu yote mawili yakabaki nyufa, jiko linakaa nyuzi 110 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 12 bila kuongeza makaa. Ukiyafungua, linapanda kupita 350. Na kwa kuwa hewa inayopita ni kidogo, nyama haikauki upesi.

Majiko ya namna hii yana asili ya Japani. Wanajeshi wa Marekani waliyabeba kwenda kwao baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1974 Ed Fisher akaanzisha Big Green Egg mjini Atlanta. Sisi nasi tuna jiko letu la bati lililofinyangiwa udongo ndani, lile la miaka ya 1980 lililochota wazo kutoka jiko la Thailand. Udongo ule hutunza joto kwa kanuni ileile, na ndiyo maana lilipunguza makaa jikoni kwetu. Kinachokosekana humo ni mfuniko na tundu la juu, na pesa nyingi za kamado zinaenda huko.

Kuna tabia moja ambayo wauzaji huipitia mbio. Joto likipanda kupita kiasi, kauri haikurudishii. Ukitaka 120 na ukaliacha lifike 200, utasubiri sana, huku wageni wakikutazama. Linafaa mtu anayewasha mapema na kuanza kubana matundu kabla joto halijafika anapolitaka. Kama wewe ni wa kuwasha saa saba mchana ili watu wale saa nane, mtagombana nalo.

Hatua ya 3: Jaribu kwanza na pipa lenye mfuniko

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo wanayoiruka watu wenye pesa.

Nenda kwa mafundi wa jua kali, uwe Kibuye pale Kisumu au hapa Nakuru, uagize pipa zima la lita 200 lisimame wima. Usikubali lipasuliwe. Liwe na wavu wa makaa chini, wavu wa nyama karibu na mdomo, mfuniko unaokaa vizuri, matundu matatu karibu na kitako yenye vibati vya kufunga na kufungua, na tundu moja juu lenye kibati chake. Mwambie fundi usitumiwe waya wenye zinki, ule unaong'aa wa kuzungushia kuku. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Nondo nyembamba zilizochomelewa zinafaa.

Uliza pipa lilibeba nini. La mafuta ya kupikia ni zuri. La dawa ya shambani au kemikali ya kiwandani likatae, hata ukiapiwa kwamba limeoshwa. Lolote utakalochukua, lichome kwa kuni kali mpaka rangi yote ibanduke ndani na nje, kisha lisugue, ulipake mafuta ya kupikia, ulichome tena.

Sasa lipikie kwa miezi kadhaa. Weka kuku mzima, funga, jifunze kucheza na vile vibati. Nunua kipima joto cha kuchoma ndani ya nyama na ukijaribu kwenye maji yanayochemka. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 94; Kisumu ni karibu 96. Kipima joto kinachosoma 100 kwenye sufuria ya Nakuru kinakudanganya kwa nyuzi sita. Kuku aive mpaka 74 penye mnofu mnene wa paja. Mguu wa mbuzi unaotaka uchambuke, usiutoe kabla haujakaribia 90.

Baada ya miezi hiyo tazama mfuniko uko wapi. Kama hauondoki juu ya pipa, nawe umeanza kulalamika kwamba bati linapoteza joto upepo ukivuma kutoka Menengai, basi kamado itakufaa, maana lalamiko lako ndilo kauri inalotibu. Kama mfuniko umelala kwenye nyasi na kuku wanautagia mayai, jibu unalo.

Hatua ya 4: Pima mahali na watu

Big Green Egg ya saizi wanayoiita Large ina wavu wa kipenyo cha sentimita 46 na uzito wa kilo 73 hivi, kabla hujaliwekea meza. Wavu huo unalisha familia na wageni wachache vizuri. Chama cha watu thelathini utawalisha kwa zamu, na wa mwisho watakula jioni.

Mpangaji asinunue. Kuhama na kauri ya kilo 73 kwenye pikapu, barabarani kwetu hapa, ni kuitafutia ufa. Wa ghorofani naye asilifikirie kwenye roshani, sembuse ndani au gereji iliyofungwa: makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua. Jiko likae nje, kwenye sakafu ya saruji au meza ya chuma. Ukitaka meza ya mbao, weka jiwe pana na nafasi ya hewa kati ya kauri na mbao.

Linahitaji pia paa dogo au turubai la kulifunika likiwa limepoa. Kauri iliyonyeshewa na kunywa maji, ukiipasha moto ghafla, inaweza kupasuka. Kwa mvua za magharibi zinazokuja karibu kila alasiri katika msimu wake, hilo si jambo la kupuuza.

Hatua ya 5: Chunguza makaa ya mtaani kwako

Kamado inataka makaa mazito ya vipande vikubwa. Ya mgunga ni mazuri, na ya mathenge yanayoteremka kutoka Baringo hadi Nakuru ni mazito na hukaa. Chukua vipande viwili uvigonganishe: yakilia kama chuma, nunua, yakitoa mlio mfu na kuvunjika, ni mepesi au yana maji. Makaa yanayotoa moshi mweupe mzito muda mrefu baada ya kuwashwa hayakuiva tanuruni, na ndani ya jiko lililofungwa moshi huo wote unaingia kwenye nyama.

Chenga za chini ya gunia ziweke kando kwa jiko la kawaida, maana zinaziba njia ya hewa. Briketi nazo vilevile. Hapa Nakuru zipo zinazotengenezwa kwa kinyesi kilichotibiwa na vumbi la mbao, na kwa githeri nazipenda kwa sababu zinakaa sana, lakini briketi za namna hii huacha majivu mengi, nayo hayaendi na tundu dogo la kamado.

Kwa moshi wa ladha, tupia vipande viwili vya mpera au mwembe mkavu. Msipresi na mkaratusi hapana.

Hatua ya 6: Piga hesabu bila kujidanganya

Kamado ya jina, ya saizi ya kati ya familia, huuzwa Marekani zaidi ya dola 1,000. Ongeza usafiri wa kitu kizito kinachovunjika, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji.

Atakwambia utaokoa makaa. Ni kweli, kwa kuwa ukifunga matundu moto unazima na yaliyobaki unayatumia tena. Lakini tuseme kila choma inaokoa kilo 2.5 kwa shilingi 60 kilo: ni shilingi 150. Ukichoma kila wiki mwaka mzima, shilingi 7,800. Jiko la shilingi 150,000 litarudisha pesa baada ya miaka 19. Hata makaa yakiongezeka bei maradufu, tukikumbuka yalivyopanda baada ya marufuku ya ukataji miti ya 2018, bado ni karibu miaka kumi. Nunua kwa sababu ya chakula. Ukinunua kwa sababu ya makaa, pesa hizo zingekununulia makaa.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kulipa

Fungua mfuniko mbele ya muuzaji. Pitisha kidole ndani ukitafuta nyufa. Mistari myembamba kwenye rangi ya nje haina neno, ufa unaoingia kwenye kauri una neno. Funga mfuniko kwenye noti ya karatasi uivute pande zote: ikiteleza mahali, felti (ule ukanda wa kuziba ukingoni mwa mfuniko) haikamati au bawaba imepinda. Uliza felti ya akiba na lile sanduku la ndani la makaa vinapatikana wapi hapa Kenya, maana ndivyo vinavyochakaa. Dhamana ya kampuni kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza aliyenunua kwa wakala rasmi, kwa hiyo lile ambalo binamu atakuletea kwenye kontena huenda halina.

Hatua ya 8: Moto wa kwanza

Usijaze makaa. Washa kidogo, lishike karibu nyuzi 150 kwa saa chache, felti ijishike. Mafuta ya taa usiyaguse kabisa, kauri inayanywa na kuku watanuka taa wiki nyingi; tumia karatasi iliyolowa mafuta ya kupikia. Jiko likiwa kali, inua mfuniko kidogo, subiri, ndipo uufungue wote, la sivyo hewa itaingia kwa pupa na moto utaruka usoni. Ukimaliza, funga juu na chini, ondoka. Kesho yake koroga makaa yaliyobaki majivu yaanguke, ongeza mapya juu yake, washa.