Unatafuta fildi ya jinsia au maendeleo ya jamii Mwanza? Soma hapa kwanza

Ikishafika mwezi wa nne simu yangu haipumziki. Wadogo zangu wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii Misungwi, wa kile cha Tengeru Arusha, mpaka wale wanaosoma jinsia Chuo cha Mwalimu Nyerere Kigamboni ila kwao ni huku Kanda ya Ziwa, wote wanakuja na ombi moja, dada nisaidie nipate fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye NGO kubwa Mwanza. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kurudia kwa hiyo naandika yote hapa, ukimaliza mrushie na mwenzako.

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: usikimbilie jina la taasisi. Mtu anaomba sehemu yenye gari la nembo mlangoni, anapokelewa vizuri, anapewa kiti kona, wiki nane zote anapiga kopi na kupanga risiti za semina, anarudi chuo hajawahi kukaa na mama hata mmoja akamsimulia shida yake toka mwanzo mpaka mwisho. Miaka mitatu umesoma jinsia darasani afu wiki nane zilizobaki unazimalizia kwenye mashine ya kopi, inauma. Kabla hujapeleka barua popote uliza hivi, kuanzia asubuhi mpaka natoka nitakuwa nakaa na nani? Wakikujibu vizuri, peleka. Wakizunguka zunguka, angalia kwingine.

Ndo maana mi nawaambia watu waombe kata. Ndiyo, ofisi ya kata, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Najua haina heshima ukiwasimulia wenzako hosteli, lakini pale ndo kila kitu kinapita. Vikundi vinavyoomba ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri (nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024) vinaanzia pale, katiba zao zinasomwa pale, ugomvi wa mwenyekiti na mweka hazina unaletwa pale. Mama aliyetelekezewa watoto anafika pale kabla hajajua kama kuna NGO yoyote duniani. Ukikaa kwenye benchi la nje la ofisi ya kata siku tano tu utaona jinsia kuliko muhula mzima.

Sisemi NGO ni mbaya, hapana. Mwanza tuna bahati, Kivulini wapo tangu 1999 wanapambana na ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, WoteSawa wanawasimamia wafanyakazi wa nyumbani, wengi wao mabinti wadogo waliotolewa vijijini, EMEDO wanafanya kazi na jamii za wavuvi. Wewe angalia kazi inayoendana na kile unachotaka kujifunza. Na kama ni shirika hulijui, uliza kama limesajiliwa kwa Msajili wa NGO, wizara ya maendeleo ya jamii ndo inawasimamia, maana kuna wengine wana bango na muhuri tu.

Sasa barua. Ukitaka kata usiende kumwomba mtendaji moja kwa moja, barua inaandikwa kwa Mkurugenzi, wa Jiji la Mwanza kama ni upande wa Nyamagana, wa Manispaa kama ni Ilemela, au wa halmashauri husika kama ni Magu, Kwimba, Sengerema, Ukerewe huko. Andika kwa Kiswahili, YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo na sivii fupi, kurasa mbili zinatosha. Peleka nakala mbili masijala, pale wanapopokea barua, moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokea unaondoka nayo, hiyo itunze kama hela maana barua zinapotea kweli na bila ule muhuri unaanza upya. Kama fildi yenu ni mwezi wa saba basi mwezi wa nne uwe umeshapeleka. Baada ya wiki mbili rudi kuulizia, kwa adabu, kwa mama yule yule wa masijala, msalimie vizuri shikamoo mama za asubuhi, yeye ndo anajua barua yako ipo meza ya nani.

Kwenye barua usijaze maneno ya natarajia kupata uzoefu, kila mtu ameandika hayo. Sema unachoweza kufanya. Najua kuandika muhtasari wa kikao, najua kuingiza takwimu kwenye Excel, naongea Kisukuma. Hilo la lugha wengi hawaliandiki na mimi naona ni kosa, maana bibi wa Kwimba akikusikia unamwambia mwangaluka asubuhi ataongea na wewe mambo ambayo afisa wa Kiswahili tupu hatayasikia. Kikerewe, Kijita, Kizinza, yote andika.

Hela nitapita haraka. Fildi nyingi hazilipi, hela ya mkopo inaweza kuchelewa, kwa hiyo tafuta sehemu unayoweza kufika kwa daladala moja au kwa miguu. Ukipangiwa Ukerewe au visiwa vya Sengerema uliza kwanza utalala wapi, usifike Nansio jioni na begi ndo unaanza kuulizia chumba.

Wiki ya kwanza utapewa kazi inayoonekana ndogo, kukaa na daftari la wageni. Hapa naomba unisikilize sana maana mimi hili nililikosea na mpaka leo nalikumbuka. Nilikuwa na siku ya saba hivi, akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, karatasi zake amezikunja kwenye kitenge. Nikamkaribisha, nikamuuliza shida, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mume anampiga na wiki ile alimchoma mkono kwa maji ya moto. Na mimi kwa bidii yangu nikaandika yote kwenye lile daftari, jina lake kamili, mtaa wake, sababu ya ujio: kupigwa na mume. Mwandiko mzuri kabisa. Nikamwambia asubiri kwenye benchi. Akaingia mtu wa pili anataka barua ya utambulisho wa benki, nikamsogezea daftari asaini, kumbe ni jirani wa yule mama. Nikamwona anasoma mstari wa juu yake, anainua macho, anaangalia nje kwenye benchi. Yule mama akaona. Akanyanyuka, akafunga mtoto vizuri, akaondoka bila kuaga. Tulikaa wiki tatu hatujamwona, na zile wiki tatu alikuwa kwenye nyumba ile ile.

Afisa wangu hakunigombeza. Alifungua kabati akatoa daftari lingine lenye kufuli akanionyesha, hili ndo la mashauri, halitoki kabatini, na lile la wageni sababu ya ujio unaandika neno moja, "ushauri", basi. Kwa hiyo wewe siku ya kwanza kabisa uliza, daftari la mashauri liko wapi, nani ana ufunguo, mimi naruhusiwa kuandika nini. Usipige picha ukurasa wowote, usipeleke kwenye grupu la WhatsApp la darasa hata kama umefuta jina, mtaa mdogo watu wanajuana kwa kovu tu. Saivi kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila hata isingekuwepo, yule mtu amekuamini.

Jambo lingine, wewe si mshauri wa ndoa wala hakimu. Kazi yako ni kusikiliza na kujua njia. Ijue njia kwa kichwa: Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo gani cha polisi karibu na hapo, fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali) inatolewa bure na mtu asimlipe yeyote, aliyebakwa afike hospitali haraka kwa sababu dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mtoto akiwa hatarini namba ni 116 na haina malipo. Ziandike nyuma ya daftari lako. Utashangaa watu wazima wangapi hawajui hiyo ya saa 72, wanasubiri kikao cha ukoo kiishe kwanza.

Na hivyo vikao vya ukoo, usikubali kukalishwa humo. Binti wa miaka 15 amepewa ujauzito, familia mbili zimekaa zinahesabu ng'ombe, wanakuita wewe msomi uandike makubaliano. Usiandike. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inaliita kosa hilo ubakaji hata kama binti alikubali. Toka kwa heshima, mwambie afisa wako siku hiyo hiyo, asimamie yeye mwenye mamlaka. Usiende peke yako kesho yake kuwatembelea, hujui nani amekasirika.

Ukipelekwa vijijini utakutana pia na watu wanaowaogopa bibi wenye macho mekundu. Wazee wetu wanawake wameuawa Usukuma kwa sababu hiyo, wakiitwa wachawi, na macho yale ni moshi, mtu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye kijumba kisicho na dirisha miaka 50. Ingia jikoni kwake ukae naye dakika kumi, na yako yatabadilika rangi. Hayo ndo mambo ya kuongea na vijana wa kijijini kwa upole, siyo kuwahutubia.

Wakaka mnaosoma jinsia, msione aibu, mnahitajika kuliko mnavyodhani. Kuna maneno mvuvi wa Igombe hatamwambia dada kama mimi ila wewe ukikaa naye anashona nyavu atakwambia. Ila usiende kumhoji mama nyumbani kwake peke yenu wawili, kaeni nje watu wanaona, unamlinda yeye na unajilinda wewe.

Na kuna hili la msimamizi anayekwambia alama zako atazijaza mkiwa gesti. Limewakuta wadogo zangu, hata kwenye ofisi zinazohubiri haki za wanawake. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. Meseji usizifute, mwambie mtu wa chuo kwa maandishi, TAKUKURU piga 113 bure. Usikae nalo peke yako ukidhani utafeli, fildi inahamishika na wapo waliohamishwa wakamaliza vizuri.

Logibuku, lile daftari la kazi zako za fildi, andika kila siku kabla hujalala. "Nilihudhuria mkutano wa mtaa" haimsaidii mtu. Andika hivi, mkutano ulianza saa nne, wanawake 31 wanaume 19, waliosimama kuongea wanaume 11 wanawake 2, na mmoja kati ya hao wawili alikatizwa. Kuhesabu nani ameongea ni kazi ya kalamu na kidole tu na hapo umeshafanya uchambuzi wa jinsia wa kweli. Kingine kinachofanya kazi ni saa ya siku, unamuomba mke akueleze amefanya nini toka ameamka mpaka amelala, afu mume naye kivyake, unaweka karatasi mbili pamoja. Usiseme neno, wacha waangalie wenyewe.

Mwisho kwenye ripoti. Mimi niliandika kuhusu kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana, cha kina mama wa dagaa, wana lile sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Nikaona kwenye vitabu vyao kila mwezi kuna wiki moja hivi hisa zinashuka, mama wa hisa tano ananunua moja au anapitisha. Nikaandika kwenye rasimu kwamba sababu ni mwamko mdogo wa kuweka akiba, na mapendekezo nikaandika wapewe elimu. Niliona nimepatia kabisa.

Afisa wangu akasema kabla hujabana hiyo ripoti nenda kawasomee. Nikaenda, wakakaa kwenye turubai, nikasoma. Mweka hazina akanyamaza kidogo afu akaniita mwanangu, njoo. Akafungua kitabu akaweka kidole kwenye zile wiki za hisa ndogo, moja, nyingine, nyingine, akaniuliza usiku wa siku hizi ulitoka nje? Ulionaje? Nikawa sielewi. Akasema ni mbalamwezi hizo. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inalala, sisi tutanunua nini tuanike nini, hisa itoke wapi? Wenzake wakawa wanatikisa kichwa. Hakuna aliyekosa elimu pale ila mimi.

Sura ya nne nikaiandika upya yote, na pendekezo likawa lao, kwamba marejesho ya mkopo yasipangwe kuangukia wiki za mwezi mkubwa. Kwa hiyo na wewe ukishamaliza rasimu usiipeleke stationari kwanza, irudishe kwa watu uliowaandika. Na kama ni kina mama wa dagaa nenda siku hizo hizo za mbalamwezi, saa nne asubuhi hivi, hawako mwaloni kunakoshushwa dagaa, na muda wa kukusahihisha wanao.