Namna ya Kusikia Undugu wa Jazi na Gnawa

Msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuufuatilia undugu huu na aanze kwa kulisahau kidogo jina, kwa sababu bendi zetu za zamani kama Morogoro Jazz na Western Jazz zilipiga muziki wa dansi wa magita, ilhali jazi inayozungumzwa hapa ni ile iliyochipuka New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Wagnawa, kwa upande wao, ni wazawa wa watu weusi waliovushwa jangwa la Sahara na kufanywa watumwa nchini Moroko, wakiwamo waliotekwa baada ya jeshi la Sultani Ahmad al-Mansur kuishinda dola ya Songhai mwaka 1591. Wengi wao walitoka katika ukanda uleule wa Afrika Magharibi ambako meli za Kifaransa zilichukua watumwa wa Louisiana kuanzia mwaka 1719. Kwa hiyo usiulize nani alimzaa nani, maana Gnawa, yaani muziki wao, haikuizaa jazi. Unachotafuta ni sura ya bibi mmoja katika wajukuu waliopelekwa njia mbili.

Anza na gimbri peke yake. Ni ala ya gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ngamia, yenye nyuzi tatu za utumbo, na mpigaji huzicharaza nyuzi huku vidole vyake vikiigonga ngozi, hata mtu mmoja akawa besi na ngoma kwa pamoja. Uangalie uzi wa katikati: ni mfupi, haufiki mwisho wa mkono wa ala, na hulia noti ileile bila kubonyezwa. Uzi mfupi wa namna hiyo umo katika akonting, ala ya Wajola wa Senegambia, na umo pia katika banjo ya nyuzi tano, iliyotokana na ala za watumwa wa Karibi na Marekani. Bendi za mwanzo za jazi zilipendelea banjo ya nyuzi nne, ambayo uzi huo ilikwisha kuupoteza.

Hatua ya pili ndiyo ngumu. Sikiliza krakebu, yaani matoazi ya chuma yanayoshikwa mawili mawili katika kila mkono, kisha ujaribu kuyafuata kwa makofi, kwanza ukigawa kila pigo kuwa vipande vinne, halafu vitatu. Hesabu zote mbili zitakuponyoka, kwa kuwa vipigo vinaelea katikati. Bila kupumzika, weka rekodi ya jazi na usikilize toazi la mpiga ngoma tu: nalo halikubali kugawanywa sawasawa. Kwa maoni yangu undugu umelala hapa kuliko katika skeli ya noti tano ambayo watu huitaja kwanza, maana noti tano hata China zipo. Kuhusu mwimbishaji na waitikiaji, aliyekulia kwenye ngoma hahitaji kufundishwa.

Sasa sikiliza walipokutana. Mpiga piano Randy Weston wa Brooklyn alihamia Moroko mwishoni mwa miaka ya 1960, akafungua klabu Tangier na kujifunza kwa Abdellah El Gourd, ambaye ni maalem, yaani fundi mkuu wa muziki wa Gnawa, neno lenye asili moja na mwalimu wetu. Utafute kwanza wimbo wa Wagnawa wa Sidi Musa, pepo wa bahari mwenye rangi ya buluu, ndipo usikilize jinsi Weston alivyoutumia katika albamu yake ya mwaka 1972. Endelea na rekodi ya mwaka 1994 ya mpiga saksafoni Pharoah Sanders na maalem Mahmoud Guinia, iliyofanywa Essaouira, mji wa pwani ya Moroko, ukizingatia ni nani anayemsubiri mwenzake kati ya saksafoni na gimbri.

Ukijaliwa kufika Essaouira, tamasha lililoanza mwaka 1998 litakupa jukwaa, lakini lila ni jambo jingine: ni ibada ya usiku kucha ambayo kila kundi la pepo lina rangi na nyimbo zake, kama ambavyo pwani yetu kila pepo ana ngoma yake. Mpiga jazi hubuni papo hapo ili asikike yeye. Maalem hubadilisha mapigo kwa kumtazama aliyepandwa na pepo. Ukikaribishwa, kaa karibu na gimbri, kwa sababu krakebu zikishaanza zitaufunika ule uzi mfupi.